Feni Haizunguki: Lugha ya Fundi na Utambuzi wa Hitilafu za Umeme katika Mfumo wa Kupoza Injini

Utangulizi

Barabara itokayo Nakuru kwenda Eldoret huanza kupanda kwa dhati baada ya kuupita mji mdogo wa Salgaa. Kutoka hapo hadi Sachangwan, kisha Mau Summit na Timboroa, gari lililoanza safari kwenye kimo cha takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari hufikia kimo kinachozidi mita 2,700. Malori yaliyosheheni mizigo ya Uganda na Kongo hupanda kwa mwendo wa kinyonga, na gari dogo lililokwama nyuma yake halina budi kutambaa vivyo hivyo. Injini inafanya kazi nzito, upepo wa mbele umepungua, na rejeta haina tegemeo jingine ila feni yake. Hapo ndipo mshale wa joto uanzapo kupanda, harufu ya maji yaliyochemka ikaingia ndani ya gari, na dereva akalazimika kuegesha kando ya barabara.

Mazungumzo ya aina ifuatayo ni ya kawaida katika gereji za jua kali za Nakuru:

"Fundi, feni haizunguki."

"Hiyo imepiga shoti, mwalimu. Tutafute nyingine."

Sentensi ya kwanza ni taarifa ya kweli. Ya pili ni hukumu, na imetolewa kabla ya ushahidi kusikizwa. Mwalimu atanunua feni ya mtumba, fundi ataifunga, na yamkini feni hiyo nayo haitazunguka, kwa kuwa kilichoharibika hakikuwa feni. Akiendelea na safari kwa matumaini, kichwa cha silinda, ambacho katika magari mengi ya leo ni cha aluminiamu, kitapinda kwa joto na gasketi yake itaungua. Kutengeneza hasara hiyo kunaweza kula mshahara wa mwezi mzima na zaidi.

Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi hitilafu za umeme katika saketi ya feni zinavyotambuliwa, na kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kazi ya lugha. Fundi anayeweza kutaja kwa usahihi hitilafu ni ya aina gani na iko mahali gani amekwisha kuitambua. Kilichobaki ni bisibisi. Kiswahili ndicho lugha ya gereji za Nakuru kwa sababu iliyo wazi. Mafundi, wanagenzi, wauza vipuri na wateja wao ni Wakikuyu, Wakalenjin, Waluo, Waluhya, Wakisii na wengineo, na hakuna lugha nyingine inayowakutanisha wote mbele ya boneti moja. Hata hivyo, masomo ya umeme wa magari katika vyuo vya ufundi nchini Kenya hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Maarifa yameandikwa kwa lugha moja na kazi inafanywa kwa nyingine, na katika ufa uliopo kati ya hizo mbili ndimo pesa za mwalimu zinamopotelea.

Njia mbili za umeme

Si kila gari lina feni ya umeme. Katika malori, na katika matatu nyingi aina ya Toyota HiAce, feni huzungushwa na injini yenyewe kwa mkanda. Peugeot 504, iliyokuwa na heshima yake katika safari ndefu za Kenya miaka ya 1970 na 1980, ilisimama katikati ya njia panda: feni yake ilizungushwa kwa mkanda, lakini ilishikwa na sumaku-umeme iliyoamka pale tu maji yalipopata joto. Injini zilipoanza kulazwa kwa upande katika magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele, kama vile Toyota Corolla za kuanzia miaka ya 1980 na Probox za baadaye, mhimili wa injini haukuitazama rejeta tena. Feni ikahitaji mota yake yenyewe, na pamoja na mota yakaja maradhi ya umeme.

Saketi ya feni ina njia mbili, na asiyezitenganisha akilini hawezi kwenda mbali. Njia kubwa hubeba mkondo unaozungusha mota. Huanzia ncha chanya ya betri, hupitia fyuzi kubwa, mara nyingi ya ampea 30 au 40, huvuka rilei, huingia kwenye mota, hutokea upande wa pili na kurudi kwenye ncha hasi ya betri kwa kupitia bodi ya gari. Mota ya gari dogo huvuta ampea 10 hivi ikiwa katika mwendo wake wa kawaida, na zaidi ya hapo inapoanza kuzunguka. Njia ndogo hubeba mkondo wa kuamrisha tu. Huanzia kwenye swichi ya ufunguo, hupitia fyuzi ndogo na koili iliyomo ndani ya rilei, kisha hufika kwenye swichi ya joto au kwenye kompyuta ya injini, na humalizikia kwenye bodi. Mkondo wake kwa kawaida haufiki hata robo ya ampea.

Rilei ndiyo mahali njia hizo zinapokutana bila kuchanganyika. Mkondo mdogo ukipita kwenye koili, koili hugeuka sumaku, huvuta kipande cha chuma, na kipande hicho huhamisha mguso wa njia kubwa. Katika rilei nyingi zinazofuata utaratibu wa Kijerumani, ncha za koili zimeandikwa 85 na 86, na ncha za njia kubwa 30 na 87. Nambari hizo ni lugha nyingine fupi, nayo yafaa kujulikana, kwani haibadiliki kutoka gereji hadi gereji.

Swali la kwanza la uchunguzi, kwa hiyo, ni njia ipi iliyokatizwa. Jibu hupatikana kwa jaribio jepesi kuliko yote: plagi ya mota hutolewa, na mota hupelekewa umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri kwa nyaya mbili, mmojawapo ukiwa na fyuzi. Ikizunguka kwa nguvu, mota ni nzima na hukumu ya mwanzo imepinduliwa. Kazi hiyo huchukua dakika tano. Jaribio jingine ni kuwasha kiyoyozi, kwa kuwa katika magari mengi kiyoyozi huamrisha feni izunguke hata maji yakiwa baridi. Feni ikiitikia kiyoyozi lakini haiitikii joto, mota na njia kubwa vimejitetea na shaka imehamia upande wa swichi ya joto. Tahadhari moja tu: gari lenye feni mbili linaweza kuwa limetenga moja kwa ajili ya kiyoyozi, na fundi akaitazama isiyohusika.

Vitenzi vinne badala ya "shoti"

Neno "shoti" limepata bahati mbaya katika Kiswahili cha Kenya. Kwa asili yake linataja jambo moja mahususi: mkondo umepata njia ya mkato, umeikwepa mota, na unarudi kwenye betri pasipo kizuizi. Katika matumizi ya mitaani neno hilo limepanuka hadi likameza kila kisa cha umeme usiofanya kazi. Taa haiwaki, ni shoti. Honi haililii, ni shoti. Feni imekwama, ni shoti. Upanuzi wa maana ni jambo la kawaida katika lugha yoyote ile, na neno "stima" lenyewe, ambalo pwani lilimaanisha meli ya mvuke, sasa ndilo jina la umeme katika sehemu kubwa ya Kenya bila ya kumdhuru mtu. Lakini upanuzi wa "shoti" una gharama, kwa maana umeunganisha hitilafu ambazo tiba zake zinapingana.

Jambo la kuvutia kwa mwanafunzi wa Kiswahili ni kwamba lugha ilikwisha kuwa na vyombo vya kuzitenganisha. Hitilafu zote za saketi ya feni zinaweza kugawanywa kwa vitenzi vinne vya kila siku: kukatika, kugusana, kulegea na kuganda.

Kukatika ni kauli ya kutendeka ya "kata". Njia ilikuwapo na sasa haipo. Waya umekatika ndani ya gamba lake, fyuzi imeungua, brashi za kaboni ndani ya mota zimekwisha na hazigusi tena. Mkondo hauwezi kupita hata kidogo. Dalili yake ni ukimya: hakuna joto kwenye waya, hakuna harufu, hakuna cheche. Brashi zilizokwisha zina dalili yao ya pekee inayojulikana na mafundi wengi, nayo ni feni kuzinduka inapogongwa kidogo kwa mpini wa bisibisi na kulala tena siku ya pili. Magari yanayotumia njia za vumbi za Njoro na Subukia huzimaliza brashi hizo mapema, kwa sababu vumbi hilo jepesi hupenya hadi ndani ya mota na kufanya kazi ya msasa.

Kugusana ni kauli ya kutendana, na kiambishi chake "-an-" kinaeleza fizikia nzima ya jambo hili: ni lazima wahusika wawe wawili. Waya wenye umeme umegusana na bodi, au nyaya mbili zilizochubuka zimegusana. Hiyo ndiyo shoti ya kweli. Mkondo hupanda kwa ghafla, na fyuzi huungua ili kuokoa gari lisishike moto. Ni kinyume kabisa cha kukatika, kwa kuwa kule mkondo haupo na hapa umezidi. Fyuzi basi ni shahidi wa kuaminika. Ikiungua papo hapo ufunguo unapozungushwa au rilei inaposhika, kuna mgusano kwenye njia kubwa. Ikiungua baada ya dakika kadhaa za feni kuzunguka, mota inavuta mkondo kupita kiasi, aghalabu kwa sababu beari yake imekwama au mapanga yanasugua kitu. Na fyuzi ikiwa nzima ilhali feni haizunguki, "shoti" kwenye njia hiyo haina nafasi ya kutajwa tena. Anayeondoa fyuzi iliyoungua na kuweka kipande cha waya mahali pake amemnyamazisha shahidi, na mara nyingine amewasha moto wa kweli chini ya boneti.

Kulegea ndiyo hitilafu inayowatesa mafundi kuliko zote, nayo itarudiwa hapa chini. Njia ipo lakini imekonda: plagi imelegea, ncha imeshika kutu, skrubu ya bodi haikukazwa. Mkondo unapita kwa taabu, na feni huzunguka kivivu kiasi cha kumdanganya mtazamaji kwamba inafanya kazi.

Kuganda hutokea ndani ya rilei, pale mguso ulioungua kwa cheche unaposhikana na mwenzake na kukataa kuachana. Feni haisimami hata ufunguo ukitolewa, na asubuhi betri imekwisha. Wapo wanaolifurahia tatizo hili kwa siku chache, wakiamini kuwa feni isiyolala ni bora kuliko feni isiyoamka. Asubuhi ya Molo yenye baridi huwasahihisha.

Mtu atakayeuliza kama mgawanyo huu si wa kitabuni mno na ajaribu kuuliza fundi yeyote maswali haya: je, waya umekatika au umegusana? Plagi imekatika au imelegea? Fundi atajibu pasipo kusita, kwa sababu tofauti hizo anazijua mikononi mwake. Anachokosa ni mazoea ya kuzitaja kabla ya kutoa bei.

Kufunga kunapomaanisha kufungua

Utata mkubwa zaidi umo katika jozi ya vitenzi ambavyo mtoto wa shule ya msingi angedhani ni rahisi. Katika Kiswahili cha nyumbani, kufungua bomba ni kuruhusu maji yatoke, na kulifunga ni kuyazuia. Wasemaji wengi huihamishia mantiki hiyo kwenye vifaa vya umeme: redio hufunguliwa ili isikike na hufungwa ili inyamaze. Katika fizikia ya darasani, iliyotafsiriwa kutoka Kiingereza, mambo yamegeuzwa. Saketi iliyofungwa ndiyo inayopitisha mkondo, na iliyofunguliwa haipitishi. Sitiari ya nyumbani ni ya bomba. Ya darasani ni ya duara ambalo ncha zake zimekutana. Zote mbili ni sahihi katika mahali pake. Zinapokutana katika sentensi moja ya mwanagenzi na mkufunzi wake, moja lazima ife.

Madhara yake yanaonekana wazi katika swichi ya joto, kwani ziko za aina mbili. Katika magari mengi ya Ulaya ya mtindo wa zamani, swichi iliyochomekwa kwenye rejeta haipitishi mkondo maji yakiwa baridi, na huanza kupitisha yanapofikia takriban nyuzi 90 hadi 95 za Selsiasi. Fundi akitaka kuijaribu feni huchomoa plagi ya swichi na kuunganisha ncha zake mbili kwa kipande cha waya. Feni ikizunguka, swichi ndiyo mbovu.

Toyota nyingi za miaka ya 1980 na 1990, zikiwamo Corolla ambazo hadi leo zipo katika barabara za Bonde la Ufa, ziliundwa kwa hekima iliyo kinyume. Swichi hupitisha mkondo maji yakiwa baridi. Mkondo huo huamsha koili ya rilei, na koili huvuta mguso ili kuizuia feni. Maji yakipata joto, swichi huacha kupitisha, koili hulala, springi hurudisha mguso mahali pake, na feni huzunguka. Waundaji walitaka kwamba waya wa swichi ukikatika kwa bahati mbaya, feni izunguke muda wote ufunguo unapowashwa, maana kuizungusha bure ni hasara ndogo kuliko kuiunguza injini. Katika gari la aina hii, jaribio sahihi ni kuchomoa plagi ya swichi na kuiacha wazi huku ufunguo umewashwa. Feni ikizunguka, mota, fyuzi na rilei vyote ni vizima.

Sasa na afikiriwe fundi aliyejifunza kwa gari la Ulaya, akiitwa kwenye Corolla ya mwaka 1993. Anachomoa plagi, anaunganisha waya na bodi, na feni inakaa kimya. Anatangaza kwamba mota imekufa. Kwa hakika ameiamrisha feni ilale, nayo imemtii. Akiambiwa na mwenzake kwamba "swichi hii hufunga ikiwa baridi," hawezi kujua kama mwenzake anasema kwa sitiari ya bomba au ya duara. Sentensi hiyo hiyo ina maana mbili zinazopingana, na mota nzima imetupwa kwenye rundo la vyuma chakavu kwa ajili yake.

Tiba ya kilugha ni nyepesi. Kiswahili kina kitenzi "kupitisha", kisicho na utata wowote, na kinyume chake ni "kutopitisha" au "kuzuia". Swichi inayopitisha ikiwa baridi, na swichi inayopitisha ikiwa moto: hakuna mwanagenzi atakayekosea. Wakuzaji wa istilahi walioandaa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990 walikuwa na darasa akilini, na kazi yao ni ya kuheshimiwa. Gereji ina mahitaji mengine, kwani humo istilahi hutamkwa kwa sauti ya juu kushinda kelele za nyundo na husikika mara moja tu. Istilahi inayohitaji ufafanuzi wa pili imekwisha kushindwa.

Katika magari ya miaka ya karibuni swali la swichi limehamia kwenye kompyuta. Kihisi cha joto hakikati wala hakipitishi kwa ghafla; hubadilisha ukinzani wake polepole. Katika Toyota nyingi, kihisi kilicho kwenye nyuzi 20 huwa na ukinzani wa takriban omu 2,500, na kikifikia nyuzi 80 hubaki na omu 300 hivi. Kompyuta huusoma ukinzani huo na kuamua lini rilei ishike. Kikichomolewa, kompyuta nyingi hushuku hatari na kuizungusha feni. Hivyo hekima ya Corolla kuukuu imeendelea kuishi katika umbo jipya.

Moto, ardhi na bodi

Katika gereji, waya wenye umeme una "moto". Fundi husema "hapa hakuna moto" akiwa amesimama kando ya injini inayotoa mvuke, na mgeni hushangaa. Neno hilo halina haja ya kusahihishwa, kwani muktadha huliokoa, na lina nguvu ambayo "volteji" haina. Shida ipo kwenye upande wa pili wa saketi. Vitabu huuita "ardhi", kwa tafsiri ya moja kwa moja. Lakini gari limesimama juu ya mipira minne, na mkondo wake haugusi udongo wa Nakuru kamwe. Mwanagenzi anayefundishwa "ardhi" hana mahali pa kuitafuta. Neno "bodi", litumiwalo na mafundi wengi, linashinda kwa sababu lina anwani ndani yake: mkondo unarudi kwa kupitia bodi, kwa hiyo katazame pale waya mweusi ulipofungwa kwa skrubu kwenye bodi.

Na pale ndipo kulegea kunapopenda kujificha. Na uchukuliwe mfano wa mota inayovuta ampea 10 kwa volti 12. Kwa kanuni ya Ohm, inatenda kama ukinzani wa omu 1.2. Skrubu ya bodi ikishika kutu na kuongeza omu 0.5 tu, jumla inakuwa omu 1.7, na mkondo unashuka hadi ampea 7 hivi. Volti tatu na nusu zinapotelea kwenye kutu, mota inabakiwa na takriban 8.5, na nguvu yake inashuka kutoka wati 120 hadi zipatazo 60. Mota halisi haifuati hesabu hii kwa ukamilifu, lakini picha ni hiyo. Feni inazunguka kwa nusu ya nguvu. Mjini, jioni, inatosha. Nyuma ya lori pale Sachangwan, haitoshi.

Ubaya wa hitilafu hii ni kwamba mita huificha. Fundi huchomoa plagi ya mota, huweka ncha za mita, na husoma volti 12 kamili. Anasema umeme unafika. Lakini mita yenyewe huvuta mkondo mdogo mno, na mkondo mdogo hupita kwenye kutu bila kupoteza kitu. Hata waya uliobakiwa na uzi mmoja utasoma volti 12 maadamu hauna kazi ya kufanya. Kipimo cha haki huchukuliwa plagi ikiwa imechomekwa na feni ikiwa inadai mkondo wake: ncha moja ya mita kwenye gamba la plagi upande wa bodi, ya pili kwenye ncha hasi ya betri. Usomaji unapaswa kuwa chini ya nusu volti. Asiye na mita anaweza kutumia balbu ya breki ya wati 21, ambayo huvuta karibu ampea 2. Ikiwaka kwa mwanga hafifu pale inapopaswa kung'aa, njia imekonda mahali fulani.

Hitilafu inayojifanya ya umeme

Lipo jambo moja la Nakuru ambalo vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya nchi za tambarare hulipita. Maji ya Mombasa huchemka kwenye nyuzi 100. Kadiri kimo kinavyoongezeka, uzito wa hewa hupungua na maji huchemka mapema zaidi: Nakuru kwenye nyuzi 94 hivi, na Timboroa karibu nyuzi 91. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya rejeta ni kifuniko chenye springi, ambacho huyaweka chini ya shinikizo na kukisukuma kiwango cha kuchemka hadi kupita nyuzi 110. Mpira wa kifuniko hicho ukipasuka, ulinzi wote huondoka. Katika gari ambalo swichi yake imewekewa nyuzi 95, maji yatachemka Nakuru kabla feni haijaitwa kazini. Dereva ataona mvuke, atafungua boneti, ataikuta feni imetulia, naye atasema kwa dhati yote kwamba feni imekufa. Feni haijakosa lolote. Gari hilo hilo likiteremshwa Mombasa na kifuniko kile kile, huenda lisionyeshe ugonjwa.

Karibu na hilo ni suala la maji yaliyopungua. Swichi na kihisi vimetengenezwa kupima maji. Vikibaki katika hewa havipati joto la kweli na havitoi amri. Maji ya visima ya Bonde la Ufa, ambayo florini yake imejulikana kwa muda mrefu kwa kuyatia meno ya wakazi rangi ya kahawia, yana madini mengine pia, nayo huacha utando kwenye kihisi na ndani ya mirija ya rejeta. Ndiyo sababu fundi mwangalifu hutazama kiwango cha maji na kifuniko kabla ya kuishika mita, tena injini ikiwa imepoa, kwani mvuke ulio chini ya shinikizo huunguza uso mara unapofunguliwa. Na mikono haipelekwi kwenye mapanga hata kama injini imezimwa. Katika magari kadhaa feni huweza kuamka yenyewe.

Kurudi kwa mwalimu

Mazungumzo yaliyofungua makala haya yangeweza kuendelea kwa namna nyingine, bila ya kumtaka fundi awe na kifaa chochote asichokuwa nacho:

"Fundi, feni haizunguki."

"Haizunguki kabisa, mwalimu, au inazunguka kivivu?"

"Kivivu. Halafu juu ya mlima ikasimama."

"Na ukiwasha kiyoyozi?"

"Vilevile."

Kwa majibu hayo mawili, kukatika kumetiliwa shaka, kwa kuwa feni ilizunguka; kugusana kunaelekea kuondoka, na fyuzi ikitazamwa na kukutwa nzima kumeondoka; swichi ya joto nayo si mshukiwa wa kwanza, kwa kuwa kiyoyozi hakikusaidia. Kimebaki kitenzi kimoja chenye uzito na maeneo machache ya kutazama. Mota inajaribiwa kwa betri moja kwa moja na inavuma. Mita inawekwa kati ya plagi na ncha hasi ya betri, feni ikiwa kazini, na inasoma volti tatu na ushei.

"Mota ni nzima, mwalimu. Moto unafika. Waya wa bodi ndio umelegea."

Skrubu inafunguliwa, kutu inakwanguliwa kwa msasa hadi chuma cheupe kinaonekana, skrubu inakazwa na kupakwa grisi. Mita inasoma sehemu ndogo ya volti moja, na upepo wa feni unapeperusha karatasi ya risiti iliyokuwa juu ya betri. Risiti hiyo ni ya kipande cha msasa.